Kanisa la Källunge: Jengo la Wakulima Lililoishia Njiani

Atakayelizunguka kanisa la Källunge, mashambani katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, hatahitaji kuambiwa kwamba anatazama majengo mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Upande wa mashariki, panapokaa altare, limesimama jengo refu la mtindo wa Gothiki la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye madirisha yaliyochongoka juu na paa linaloonekana kutoka mbali. Upande wa magharibi umejibana ukumbi wa waumini wa karne ya 12, mfupi na mnene, wa mtindo wa Romaneski uliotangulia Gothiki. Paa la ukumbi huo linakomea kwenye ukuta wa sehemu ya altare, na juu yake ukuta unaendelea kupanda ukiwa mtupu, kwa sababu waliouinua walikusudia ukumbi mpya wenye kimo kile kile uje kuegemea hapo. Ukumbi huo haukujengwa kamwe.

Maelezo ambayo wageni hupewa kwa kawaida ni mafupi: mwaka 1361 mfalme wa Denmark alivamia kisiwa, wakulima wakauawa, na ujenzi ukasimama. Si maelezo ya uongo, lakini yanaliacha nje jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Yanalichukulia kanisa kama majeruhi wa vita tu, bila kuuliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuanzisha jengo kubwa kiasi kile shambani, kwa mali ya nani, na imekuwaje nusu iliyojengwa ikadumu hadi leo huku majengo ya watu wenye nguvu kuliko wanakijiji wale yakibaki magofu. Naamini maswali hayo yote yanajibiwa kwa kuwatazama wakulima wenyewe: wao ndio walioamua, wao ndio waliolipa, na vizazi vyao ndivyo vilivyoendelea kuingia mlango ule ule.

Gotland ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Uswidi, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 3,000, nacho kimekaa katikati ya Bahari ya Baltiki, umbali wa kilomita kama 90 kutoka bara. Humo yamo makanisa 92 ya zama za kati ambayo bado yanatumika, na karibu yote yako vijijini. Idadi hiyo haielezeki kwa uchaji peke yake. Katika Enzi za Kati kisiwa hakikuwa na tabaka la mabwana wenye ardhi kama lililokuwapo sehemu nyingi za Ulaya, wala hakikuwa na mfalme anayeishi humo. Mambo yake yaliamuliwa katika baraza la watu huru lililokutana Roma, mahali palipo katikati ya kisiwa, ambapo watawa wa Kisistersi walianzisha monasteri mwaka 1164. Mkulima wa Gotland alimiliki shamba lake, akalirithisha, na mara nyingi alimiliki pia chombo cha baharini au sehemu ya chombo. Alilima majira ya kulima na kusafiri majira ya kusafiri.

Utajiri wa safari hizo ulikuwa umejilimbikiza ardhini karne nyingi kabla ya kanisa la kwanza la mawe. Mwaka 1999, katika shamba la Spillings kaskazini mwa kisiwa, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67, iliyofukiwa baada ya mwaka 870, na ndani yake zilihesabiwa sarafu zaidi ya 14,000. Nyingi mno kati yake ni dirhamu kutoka nchi za Kiislamu. Moja imevuta macho ya wataalamu kuliko nyingine zote: iligongwa katika dola ya Wakhazari, iliyokuwa imepakana na Bahari ya Kaspiani na ambayo watawala wake walifuata dini ya Kiyahudi, na imeandikwa kwa Kiarabu kwamba Musa ni mtume wa Mungu. Sarafu kama hiyo kulala chini ya shamba la Gotland inaonyesha, kuliko maelezo mengi, jinsi njia za biashara za mito ya Urusi zilivyokiunganisha kisiwa hiki na miji iliyo mbali sana kusini na mashariki.

Biashara hiyo ilibadilika sura lakini haikukatika. Mwaka 1161 Heinrich, mtawala wa Saxony aliyeitwa Simba, aliwathibitishia watu wa Gotland haki ya kufanya biashara kwa amani katika nchi yake. Huko Novgorod, mji mkubwa wa biashara kaskazini mwa Urusi, walikuwa na kituo chao wenyewe, chenye kanisa la Mtakatifu Olaf. Kwa hiyo mtu aliyeketi katika kikao cha parokia ya Källunge kupanga ujenzi huenda alikuwa amekwisha kuona, kwa macho yake, makanisa ya Warusi yenye michoro ya Kibizanti, yaani ya jadi ya Ukristo wa Mashariki, na makanisa ya Wajerumani yenye minara ya matofali, na alijua analotaka.

Namna Ukristo ulivyoingia imesimuliwa katika Guta Saga, masimulizi mafupi ya kisiwa yaliyoandikwa katika karne ya 13. Humo anatajwa Botair wa Akebäck, aliyejenga kanisa la kwanza, na wenzake ambao walikuwa hawajaikubali dini mpya wakalichoma moto. Akajenga la pili huko Vi, mahali patakatifu pa dini ya zamani, na wenzake walipotaka kulichoma nalo, mkwewe Likkair, mtu mwenye sauti kubwa kisiwani, aliwazuia. Si lazima kila neno la masimulizi haya lichukuliwe kama historia. Lakini yanaonyesha jinsi watu wa Gotland walivyopenda kujieleza: dini iliingia kwa mabishano kati ya majirani na wakwe, wala hayupo mfalme anayetoa amri.

Makanisa ya mwanzo yalikuwa ya mbao. Tunayo masalia yake kwa sababu wajenzi wa baadaye hawakutupa kitu. Mwaka 1896, sakafu ya kanisa la Hemse ilipokuwa ikitengenezwa, zilikutwa chini yake mbao nzito za kuta za kanisa lililotangulia, zikiwa zimetumika kama sakafu. Leo ziko katika jumba la makumbusho ya historia jijini Stockholm. Huko Ardre, karibu na mwaka 1900, chini ya sakafu ya kanisa yalipatikana mawe yaliyochongwa picha katika enzi za kabla ya Ukristo, moja likiwa na farasi wa miguu minane wa mungu Odin. Katika kuta za kanisa la Bro mawe ya namna hiyo yanaonekana hadi leo, yakiwa yamepangwa pamoja na mengine. Wengine hutafsiri jambo hili kama ushindi wa dini mpya juu ya ile ya kale. Mimi naliona zaidi kuwa busara ya mwashi wa kijijini, ambaye jiwe bapa lililokwisha kuchongwa lilimpunguzia kazi.

Mbao zilipoanza kuachwa katika karne ya 12, kisiwa kilikuwa na faida ambayo sehemu nyingi za Skandinavia hazikuwa nayo. Gotland yote imekaa juu ya mwamba wa chokaa, unaochimbika karibu na uso wa ardhi na kutoka kwa matabaka. Jiwe hilo hilo lilichomwa katika tanuri na kutoa chokaa ya kuunganishia, na kusini mwa kisiwa lilipatikana jiwe la mchanga, laini kwa patasi, lililowafaa wachongaji. Mkulima aliyetaka kanisa la mawe hakulazimika kuagiza mali ghafi kutoka ng'ambo. Alihitaji kuni za tanuri, ng'ombe au farasi wa kuvuta, mikono, na fedha ya kumlipa fundi mkuu na wenzake.

Fedha hiyo ilipitia wapi? Hapa ndipo utaratibu wa Gotland ulipokuwa na uzito wake. Fungu la kumi liligawanywa mafungu matatu, moja la padri, moja la jengo la kanisa na moja la maskini. Askofu aliyekihudumia kisiwa alikaa Linköping, ng'ambo ya bahari. Kwa mujibu wa Guta Saga alivuka kila mwaka wa tatu akiwa na watu wake 12, wakulima wakampa farasi na chakula, na alipoweka wakfu kanisa au altare alilipwa ada iliyowekwa. Basi sehemu kubwa ya zao la parokia ilibaki katika parokia. Tukiongeza faida za baharini, tunaelewa ni kwa nini parokia ya mashamba machache iliweza kubomoa kanisa zuri la mawe, lenye umri wa miaka 100 tu, ili ijenge kubwa zaidi, na ni kwa nini parokia jirani nayo haikukubali kupitwa.

Inafaa kutulia kidogo hapa kwenye namna yenyewe ya kujenga, kwa maana ndiyo ufunguo wa Källunge. Parokia haikuwa tayari kukaa bila ibada kwa miaka mingi ya ujenzi. Kwa hiyo kazi ilianzia mashariki. Kuta za sehemu mpya ya altare ziliinuliwa nje ya ile ya zamani, zikiizunguka au kuipita, na wakati wote huo padri aliendelea na misa ndani ya kanisa dogo. Sehemu mpya ilipokwisha kuezekwa na kujengewa matao ya dari, ile ya zamani ilibomolewa, mawe yake yakatumika tena, na tao kubwa likafunguliwa kuunganisha altare mpya na ukumbi wa zamani. Hatua ya pili ilikuwa kuuzungushia ukumbi wa zamani kuta za ukumbi mpya kwa mtindo huo huo, na ya mwisho ilikuwa mnara wa magharibi. Kila hatua iliacha kanisa linalotumika. Kila hatua, pia, ilikuwa mahali ambapo parokia ingeweza kusimama ikikosa fedha, na wengi walisimama. Källunge ilimaliza hatua ya kwanza tu. Garde, upande wa mashariki wa kisiwa, nayo ina sehemu ya altare ya katikati ya karne ya 14 inayoulemea ukumbi wa karne ya 12. Makanisa ya namna hii yametawanyika kisiwa kizima, kila moja likiwa limeganda katika hatua iliyofikiwa.

Mpango uliokamilika unaonekana katika parokia zilizotangulia kuanza au zilizobahatika kumaliza. Ukumbi wa Gothiki wa Gotland mara nyingi umegawanywa sehemu mbili kwa nguzo moja au mbili zilizopangwa katikati, na kutoka nguzo hizo matao ya dari yanatawanyika kwenda kwenye kuta. Mtu aliyezoea kanisa lenye njia wazi kuelekea altare hushangaa, maana nguzo inasimama mbele ya macho yake. Lakini kwa mjenzi ni suluhisho la akili sana. Dari la mawe linalovuka upana mzima wa ukumbi bila nguzo lingesukuma kuta nje kwa nguvu kubwa na kudai viegemeo vizito, ambavyo makanisa ya Gotland karibu hayana. Dari lililogawanywa kwa nguzo ya katikati linapunguza msukumo huo, na kuta nene za chokaa zinaweza kuubeba zenyewe. Matokeo yake kwa nje ni usafi wa umbo ambao ni nadra katika Gothiki: kuta laini zilizonyooka, madirisha machache, na mapambo karibu yote yamekusanywa mlangoni.

Mlango ndiko walikotumia fedha. Makanisa ya Martebo na Stånga yana milango ya mawe yenye nguzo ndogo zilizopangwa kwa ngazi, na vichwa vya nguzo hizo vimechongwa visa vya Injili kwa mfuatano, kama mkanda unaosomeka mtu anapoingia. Pale Stånga, pembeni mwa mlango, yamepachikwa ukutani mawe makubwa ya sanamu yanayoonyesha Yesu akipigwa mijeledi, mamajusi wakisujudu, na mwili ukishushwa msalabani. Ukubwa wake na namna yalivyopangwa vinaonyesha wazi kwamba yalikusudiwa mahali pengine, lakini parokia iliyapata na ikayapa nafasi.

Majina ya waliochonga kazi hizi ni machache. Katika kanisa la Hellvi kuna maandishi ya runi, herufi za kale za Skandinavia, yanayosema kwamba fundi Lafrans Botvidarson wa Eskelhem alilijenga kanisa lile. Jiwe la ubatizo lililoko Åkirkeby, katika kisiwa cha Bornholm cha Denmark, limechongwa kwa jiwe la mchanga la Gotland na limezungushiwa maisha ya Yesu pamoja na runi kwa lugha ya Gotland, na mwisho wake linamtaja fundi Sighraf. Mawe ya ubatizo ya Gotland yaliuzwa Denmark na kaskazini mwa Ujerumani, na hiyo ni biashara iliyopaswa kuwa na karakana zenye mpangilio. Kwa mafundi wasio na jina, mwanahistoria wa sanaa Johannes Roosval aliwabunia majina katika karne ya 20 kwa kufuata mitindo yao: Byzantios, Majestatis, Egypticus na mengine. Majina hayo yamesaidia kuzipanga kazi, lakini nadhani yamedhuru pia. Yametufanya tuone msanii mmoja mwenye kipaji mahali ambapo pengine palikuwa na karakana nzima yenye mikono mingi, na yameihamisha sifa kutoka kwa parokia iliyoagiza na kulipa.

Ndani ya Källunge, ukumbi ule mdogo ambao ulikuwa ubomolewe una hazina ambayo ingepotea kama mpango ungetimia. Kuna mabaki ya michoro ya ukutani ya karne ya 12 yenye mtindo wa Kibizanti. Garde nayo ina michoro ya jadi hiyo, watakatifu waliosimama wima chini ya tao la mnara, wenye macho makubwa na mavazi ya Mashariki, walioibuliwa upya katika miaka ya 1960. Waliochora hawakujifunza ufundi huo Ujerumani wala Denmark. Mikono yao inaelekea Urusi, kwenye miji ile ile ambako watu wa Gotland walikuwa na vituo vya biashara. Ni miongoni mwa kazi chache za aina hiyo zilizosalia nje ya Urusi, upande wake wa magharibi, na zimesalia katika makanisa ya wakulima.

Källunge ilihifadhi pia kielekezi cha upepo cha shaba iliyopakwa dhahabu, cha karne ya 11, chenye mnyama mkubwa upande mmoja na nyoka waliofumana upande mwingine. Kabla ya kukaa juu ya kanisa kilikuwa pambo la chombo cha baharini. Baharia fulani, au watoto wake, walikitoa kwa kanisa lao, kikageuka na upepo wa nchi kavu kwa karne nyingi. Kitu hiki kimoja kinatuonyesha mali ya baharini ikihamia kanisani kuliko hati yoyote ya fungu la kumi.

Sasa turudi kwenye swali la kusimama kwa ujenzi. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Valdemar wa Nne wa Denmark, la askari wa kulipwa wenye silaha za kisasa za wakati ule, lilipambana na wakulima wa Gotland nje ya malango ya mji wa Visby. Inakadiriwa kwamba wakulima 1,800 walikufa. Makaburi yao ya pamoja yalichimbwa mwanzoni mwa karne ya 20 mahali paitwapo Korsbetningen, na mifupa ya watu zaidi ya 1,100 ikachunguzwa: wamo wavulana, wamo wazee, na wengi wana majeraha ya miguuni, mahali ambapo silaha zao za kujikinga hazikufika. Wengine walizikwa na kofia zao za vyuma. Watu wa mji, waliokuwa nyuma ya ukuta wenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, hawakutoka kuwasaidia, na baada ya siku chache walimfungulia mfalme malango.

Ukuta ule ndio unaotufanya tusianze na kuishia 1361. Mwaka 1288, miaka 73 kabla, mji na vijiji vilikuwa vimepigana vita vyao wenyewe. Wafanyabiashara wa Visby, wengi wao wakiwa Wajerumani waliohamia, walitaka biashara ya kisiwa ipitie mjini, na mkulima aliyezoea kupakia chombo chake katika ghuba ya nyumbani alikuwa mpinzani wao. Mwishoni mwa karne hiyo Lübeck, mji wa wafanyabiashara kaskazini mwa Ujerumani, ulikuwa unaishika njia ya Novgorod, na vyombo vikubwa zaidi havikuhitaji tena kutua Gotland. Kisha mwaka 1350 tauni ikafika. Parokia iliyopoteza sehemu ya watu wake ilipoteza wachimba mawe, walipa fungu la kumi na wanunuzi wa ngano kwa pamoja. Nionavyo, Valdemar aliwakuta watu ambao kwa miongo kadhaa walikuwa wanakula akiba. Kwamba Garde iliendelea kujenga katikati ya karne ya 14, wakati faida zilikuwa zimekwisha kupungua, ni ushahidi wa jinsi walivyoendelea kuyaamini mashamba yao na bahari yao hata pale hesabu zilipowageuka.

Wala maisha ya makanisa hayakusimama pamoja na waashi. Fedha ya kuinua kuta haikuwapo tena, lakini ya rangi ilipatikana, na katika karne ya 15 mchoraji au karakana ambayo wataalamu huiita Fundi wa Mateso ilipita kijiji hadi kijiji ikichora safari ya Yesu kwenda msalabani katika mkanda mrefu ukutani. Katika kanisa la Lye kuna jiwe la kaburi lenye runi, lililowekwa na mjane Rudvi kwa ajili ya mumewe Jakob wa Mannegårda. Linaeleza kwamba aliuawa kwa jiwe la mzinga lililorushwa kutoka ngome ya Visborg, mjini Visby, wakati Mfalme Erik, aliyekuwa ameondolewa kwenye kiti cha Denmark na Uswidi, alipozingirwa humo, mwaka 1449. Runi, mwandiko wa kale, zinasimulia kifo cha mzinga, silaha mpya, juu ya kaburi la mkulima ndani ya kanisa lake. Källunge yenyewe ilipata baadaye altare ya sanamu iliyotengenezwa Lübeck mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo kwanza ilikuwa katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Visby. Kitu cha fahari cha mjini kilihamia kijijini, na sehemu ile ndefu ya altare ilikuwa na nafasi ya kukipokea.

Huwa inasemwa kwamba umaskini ndio uliohifadhi makanisa ya Gotland, na kwa kiasi fulani ni kweli. Katika karne za 18 na 19, idadi ya watu ilipoongezeka Uswidi bara, parokia nyingi zilibomoa makanisa yao ya zama za kati yaliyoonekana madogo na yenye giza, zikajenga mapya yenye madirisha makubwa. Gotland haikuwa na fedha hiyo, na makanisa yake yalikuwa yamekwisha kujengwa makubwa kuliko mahitaji. Lakini umaskini peke yake hauhifadhi kitu. Mara nyingi huharibu. Tazama majengo yaliyokuwa na wenyewe wakubwa. Monasteri ya Roma iliangukia mikononi mwa serikali baada ya Matengenezo ya Kilutheri, na katika miaka ya 1730 mawe yake yalichukuliwa kujengea makazi ya gavana. Ngome ya Visborg ililipuliwa na Wadenmark walipoondoka mwaka 1679. Visby ilikuwa na makanisa ya zama za kati zaidi ya kumi ndani ya ukuta wake. Leo linalotumika ni moja, lile la Mtakatifu Maria lililowekwa wakfu mwaka 1225, na mengine ni magofu yasiyo na paa. Mji ulikuwa maskini kama vijiji. Tofauti ni kwamba yale magofu yalijengwa na watawa na makundi ya wafanyabiashara ambao walitoweka, na kanisa la kijijini lilijengwa na mashamba ambayo yaliendelea kuwapo.

Vijijini nako kanuni hiyo inathibitika kwa upande wa pili. Bara, Ganne na Elinghem ni magofu ya makanisa ya mashambani, yaliyojengwa kwa mawe yale yale na kwa ufundi ule ule. Parokia zao zilikuwa ndogo mno, zikaunganishwa na jirani zao, na mara baada ya waumini kuhamia kanisa lingine, paa likaoza na dari likafuata. Mvua ikishaingia juu ya dari la mawe na chokaa ikaanza kulegea, hakuna unene wa ukuta utakaosaidia.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi na namna suala la makanisa haya linavyojadiliwa sasa. Kanisa la Uswidi lilitengana na serikali mwaka 2000. Sheria inayalinda majengo ya kanisa yaliyojengwa kabla ya mwaka 1940, na serikali inatoa fidia kila mwaka kwa ajili ya matunzo yake, lakini wanachama wanapungua, na kisiwa chenye watu wapatao 60,000 kinabeba makanisa 92 ya zama za kati. Wapo wanaoona kwamba njia ya busara ni kuchagua machache yaliyo mazuri zaidi, kuyatunza vizuri, na kuyaacha mengine yafungwe. Hoja hiyo inaonekana ya kimahesabu, na kwa mtu anayelipa gharama za paa si ya kudharauliwa. Lakini inategemea kwamba thamani iko katika jengo moja moja, ilhali ushahidi wa Gotland uko katika wingi wake: ni pale unapoweza kutoka Källunge ukaenda Garde, kisha Lye, kisha Stånga, ndipo hatua za ujenzi na tofauti za uwezo wa parokia moja na nyingine zinaposomeka. Tena, kufunga mlango ndiyo hatua ya kwanza ambayo Bara, Ganne na Elinghem zilipitia.

Upande mwingine lipo pendekezo la kuyapendezesha ili yavute wageni, na kwa hilo Dalhem ni mfano wa kuzingatiwa. Kati ya 1899 na 1914 mchoraji Axel Herman Hägg alilitengeneza upya kanisa hilo jinsi alivyoamini kanisa la zama za kati lilivyopaswa kuwa, akalijaza michoro na mapambo mapya. Kazi ya Hägg ni ya ustadi, nayo sasa ni sehemu ya historia. Lakini anayetaka kuona karne ya 13 pale Dalhem inambidi aitenge kwa macho na ndoto ya karne ya 20, na kitu pekee kinachojitetea bila msaada ni vioo vya rangi vya zamani katika madirisha ya altare. Källunge haikupata mfadhili wa aina hiyo, na ninashukuru. Kama mtu angetokea leo akiwa na fedha za kuukamilisha ukumbi ule kwa kufuata mpango wa mwaka 1300 na kitu, angelazimika kubomoa michoro ya Kibizanti na kuufunika ukuta unaotuonyesha mahali wakulima walipofika. Kinachohitajika Källunge ni cha kawaida zaidi: vigae vizima, mifereji isiyoziba, fundi anayejua lipu ya chokaa badala ya saruji, na ibada ya kutosha katika mwaka ili mtu awepo wa kugundua mapema kwamba paa linavuja.